Kemia ya Ubongo wa Mraibu: Maarifa Yatangulie Mashine Kufika Kilombero

Mavuno ya mpunga yanapokwisha katika bonde la Kilombero, fedha huingia mikononi mwa watu waliozisubiri kwa miezi mingi. Sehemu yake hulipa mahitaji ya shule na mabati ya nyumba. Sehemu nyingine huishia vilabuni, kwenye komoni, bia na gongo isiyoruhusiwa kisheria. Ndivyo ilivyo pia kwa vibarua wa miwa huko Kidatu na Ruaha siku ya malipo. Wengi wanaokunywa hawapati madhara makubwa. Wachache hufika mahali ambapo hawanywi tena kwa furaha, bali kwa kuogopa mtetemeko wa asubuhi. Hao ndio wanaofikishwa wodini wakiwa na malaria, jeraha au nimonia, na ndio ambao neno moja lililoandikwa kwenye faili, “mlevi”, huwafungia mlango wa matibabu kabla hawajapimwa.

Hoja ya makala haya ni kwamba neno hilo, likitumika kama hukumu, ni kosa la kitabibu na si kosa la adabu peke yake. Tangu miaka ya 1990 watafiti wamekuwa wakipima kemia ya ubongo wa watu wenye uraibu, wakiwa hai na macho, bila kisu wala sindano, kwa njia iitwayo spektroskopia ya mwangwi wa sumaku, kwa kifupi MRS. Walichokiona kinagusa moja kwa moja namna mgonjwa anavyostahili kupokelewa Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge. Mashine yenyewe ni ghali, na hakuna zahanati ya kijijini itakayokuwa nayo leo wala kesho. Maarifa yaliyotokana nayo, hata hivyo, hayahitaji umeme mkubwa wala barabara ya lami ili yafike. Kinachoyachelewesha ni mazoea.

Mashine inavyosikiliza ubongo

Msingi wa njia hii uligunduliwa mwaka 1946 na makundi mawili ya wanafizikia nchini Marekani, moja likiongozwa na Felix Bloch na jingine na Edward Purcell. Wawili hao walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1952. Waligundua kwamba kiini cha atomu, kikiwekwa ndani ya sumaku kali, hupokea mawimbi ya redio ya masafa maalumu kisha huyarudisha, mfano wa mwangwi.

Kipimo cha MRI, ambacho wagonjwa wengi wamekwisha kukisikia, husikiliza mwangwi wa haidrojeni iliyo katika maji na mafuta ya mwili, na kutokana nao huchora picha. MRS hutumia sumaku ileile, na mara nyingi mashine ileile, ila husikiliza jambo jingine. Haidrojeni iliyomo ndani ya molekuli moja huzungukwa na elektroni kwa namna isiyofanana na ile iliyomo ndani ya molekuli nyingine. Kwa hiyo mwangwi wake hutofautiana kidogo sana, kwa sehemu chache tu katika milioni. Tofauti hiyo inatosha kuitambulisha kila kemikali, kama vile msikilizaji mzoefu wa kwaya anavyoweza kumtambua mwimbaji mmoja kwa sauti yake ingawa wote wanaimba pamoja. Matokeo hayatoki kama picha. Hutoka kama mstari wenye vilele, na ukubwa wa kila kilele huashiria kiasi cha kemikali iliyokitoa.

Kazi hiyo si nyepesi. Maji ya ubongo ni mengi kuliko kemikali zinazotafutwa kwa maelfu ya mara, hivyo sauti yake hunyamazishwa kwanza ili nyingine zisikike. Eneo linalopimwa huwa, kwa kawaida, mchemraba wenye upande wa sentimita 2 hadi 3, na ndani yake mna mamilioni ya seli. Mgonjwa hutakiwa kulala bila kutikisika kwa dakika kadhaa kwa kila eneo. Hapigwi eksirei na hachomwi dawa yenye mionzi. Tahadhari kubwa ni juu ya vyuma vilivyomo mwilini na vifaa vya umeme vya kusaidia moyo, na ndiyo sababu huulizwa maswali mengi kabla ya kuingia chumbani.

Kemikali tano hutajwa zaidi katika tafiti za uraibu. Ya kwanza ni N-asetili-aspateti, iitwayo NAA, ambayo katika ubongo wa mtu mzima hupatikana zaidi ndani ya seli za neva. Ikishuka, huwa ni dalili kwamba seli hizo zimepungua au zimedhoofika. Ya pili ni kolini, inayohusiana na ujenzi na ubomokaji wa kuta za seli. Ya tatu ni kriatini, inayohusika na nishati, na mara nyingi hutumika kama kipimo cha kulinganishia nyingine. Ya nne ni glutamati, ambayo huamsha seli za neva. Ya tano ni gaba, ambayo huzituliza. Gaba ni ngumu kupima kwa sababu kilele chake hufunikwa na kile cha kriatini, na huhitaji mbinu ya pekee ya kuvitenganisha.

Kilichoonekana

Kwa watu waliokunywa pombe nyingi kwa miaka mingi, tafiti mbalimbali zimeona NAA ikiwa chini katika sehemu ya mbele ya ubongo, ambako mipango na uwezo wa kujizuia hutegemea sana, na katika serebelamu, sehemu ya nyuma inayoongoza mwendo na mizani ya mwili. Upungufu wa namna hiyo umeonekana pia katika baadhi ya tafiti za watumiaji wa heroini na wa methamfetamini, ingawa sehemu za ubongo zilizoguswa hazikuwa zilezile.

Jambo la pili lina uzito zaidi kwa mgonjwa. Watu waliopimwa mara tu baada ya kuacha pombe, kisha wakapimwa tena baada ya wiki kadhaa za kutokunywa, wameonekana NAA yao ikipanda. Si kwa wote, na si lazima irudi kiwango cha asiyekunywa kabisa. Lakini hupanda, na picha za MRI huonyesha vilevile kwamba sehemu ya ujazo wa ubongo uliosinyaa hurudi.

Jambo la tatu linahusu siku za mwanzo. Baadhi ya tafiti zimeikuta glutamati ikiwa juu katika sehemu ya mbele ya ubongo wakati wa siku za kwanza za kuacha pombe, kisha ikashuka baada ya wiki chache. Matokeo ya glutamati hayafanani kote, na makundi yaliyopimwa yalikuwa madogo. Hata hivyo yanaafikiana na yale ambayo famakolojia imekuwa ikiyasema kwa muda mrefu, na ambayo kila muuguzi wa wodi ya wanaume ameyaona kwa macho yake.

Siku ya tatu wodini

Pombe huongeza nguvu ya gaba na hupunguza ile ya glutamati. Ubongo unaoishi kila siku katika hali hiyo hujirekebisha ili uweze kufanya kazi: hupunguza usikivu wake kwa kile kinachotuliza na huongeza usikivu wake kwa kile kinachoamsha. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Mlango hausogei, na mpita njia hadhani kwamba kuna nguvu yoyote inayotumika. Mmoja akiachia ghafla, mwingine huanguka kwa nguvu zake mwenyewe.

Mnywaji mkubwa anayelazwa hospitali huachia ghafla. Hakuna komoni wodini. Baada ya saa 6 hadi 24 mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio na usingizi hupotea. Degedege, ikiwa itatokea, huja mara nyingi ndani ya saa 48 za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwapo, hupanda joto na kupigana na wanaowahudumia. Hali hiyo huweza kuua.

Sasa na ichukuliwe hali ya bonde lenyewe. Mtu analazwa Jumatatu kwa malaria. Jumatano anatetemeka, ana joto na anazungumza na ukuta. Fikra ya kwanza ya mhudumu ni malaria iliyopanda kichwani. Fikra ya ndugu waliokaa naye usiku ni kwamba amechezewa. Fikra ya jirani wa kitanda cha pili ni kwamba ulevi umemtia wazimu, na kwamba amejitakia. Kila mmoja ana sababu ya kufikiri hivyo, na huenda hakuna hata mmoja aliyemuuliza mgonjwa, siku ile ya Jumatatu, anakunywa kiasi gani na alikunywa lini mara ya mwisho.

Kuuliza hakuondoi wajibu wa kupima mengine. Mtetemeko na kuchanganyikiwa huweza kutokana na sukari iliyoshuka, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa au malaria kali, na katika bonde lenye wagonjwa wengi wa VVU orodha hiyo huwa ndefu zaidi. Mgonjwa mmoja aweza kuwa na mawili kwa pamoja. Lakini mhudumu ambaye hakuuliza hawezi hata kuliweka jambo la pombe katika orodha yake, na ugonjwa usiowekwa katika orodha hautibiwi.

Nao unatibika kwa vitu vya kawaida. Diazepamu, ikitolewa kwa mwongozo na kwa uangalizi, huufanyia ubongo ile kazi ya kutuliza iliyoondoka ghafla, kisha hupunguzwa taratibu. Vitamini B1, yaani thiamini, hukinga madhara ya kudumu ya ubongo kwa mtu ambaye kwa muda mrefu amekunywa kuliko alivyokula, na mgonjwa wa namna hiyo anapaswa kupewa thiamini kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo. Hili la thiamini lina uzito wa pekee Kilombero. Mchele uliokobolewa na kung’arishwa hupoteza sehemu kubwa ya vitamini hiyo, na mnywaji ambaye mlo wake wa siku ni wali mweupe kidogo, bila maharage wala mboga, ana akiba ndogo sana ya kutegemea. Maji ya kutosha, chumba tulivu na mtu wa kumtazama usiku hukamilisha tiba.

Ni muhimu kutofautisha pombe na dawa nyingine. Arosto ya heroini ni mateso makali, lakini ni nadra kumuua mtu aliyekuwa mzima. Arosto ya pombe huweza kuua. Kwa sababu hiyo familia inayomfungia ndugu yao chumbani ili aache kwa nguvu, ikiwa ndugu huyo hutetemeka kila asubuhi asipokunywa, inamweka katika hatari isiyoijua. Mapenzi yao ni ya kweli na kosa lao linaeleweka, kwa maana hakuna aliyewaambia.

Somo lililokwisha kutolewa Mahenge

Wapo watakaosema kwamba kuuita uraibu jambo la ubongo ni kumpa mlevi kisingizio. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa. Imetoka midomoni mwa wake waliouza mpunga wa akiba ili kulipa madeni ya klabuni, na mwa wauguzi waliotukanwa usiku na wagonjwa wale wale waliowahudumia mchana. Uchungu wao ni wa haki.

Lakini bonde hili limekwisha kupita njia kama hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Watu wenye kifafa walikuwa wakiogopwa. Iliaminika kwamba mate yao yanaambukiza, na wengi walitengwa katika chakula na malazi. Wengine waliungua moto bila mtu kuthubutu kuwagusa wakati wa kuanguka. Daktari huyo hakuwa na mashine ya kupima ubongo. Alikuwa na fenobabitali, subira, na tabia ya kumgusa mgonjwa mbele ya jamaa zake. Watu walipoona kwamba kidonge kinapunguza kuanguka, imani ilianza kubadilika.

Uraibu si kifafa, na mfano huu una mipaka yake. Mwenye kifafa hakuchagua chochote. Aliyeanza kunywa alichagua glasi ya kwanza. Hata hivyo, mwenye kisukari anayekula asichopaswa na mgonjwa wa moyo anayevuta sigara nao walichagua, na hakuna hospitali inayowanyima dawa kwa sababu hiyo. Wajibu wa mgonjwa haufutwi na kemia. Kemia inaeleza tu kwa nini wajibu huo ni mzito zaidi kwake kuliko kwa mwingine: sehemu ileile ya ubongo anayoitegemea ili ajizuie ndiyo iliyodhoofishwa. Kumwambia mtu wa namna hiyo “acha tu” ni kama kumwambia aliyevunjika mguu atembee hadi hospitali. Kutembea ni jukumu lake, naam, lakini kwanza mguu ufungwe.

Kuna dhana nyingine iliyo mbaya kuliko lawama, nayo ni ya kukata tamaa: kwamba ubongo wa mlevi umekwisha kuoza, na hata akiacha hakuna kitakachorudi. Hapa ndipo MRS imetoa mchango wake bora kuliko yote. Seli zilizokufa hazionyeshi NAA ikipanda. Kwa hiyo kupanda kwake baada ya wiki za kutokunywa kunaashiria kwamba sehemu ya neva zilizoonekana zimepotea zilikuwa zimedhoofika tu, zikisubiri nafasi ya kupona. Mgonjwa wa Mang’ula anayemaliza mwezi wa kwanza bila pombe, akalalamika kwamba bado anasahau na bado hana subira na watoto wake, anastahili kuambiwa kwamba mwezi mmoja ni mwanzo. Ubongo uko kazini. Habari hiyo peke yake huweza kumvusha hadi mwezi wa pili.

Yasiyopaswa kudaiwa

Mwenye hoja nzuri huiharibu akiipa uzito isioweza kuubeba. MRS haitambui mraibu. Tofauti zilizotajwa juu ni za wastani kati ya makundi. Ukichukua mtu mmoja mmoja, vipimo vya anayekunywa sana na vya asiyekunywa hupishana na kuingiliana. Hakuna kilele katika mstari ule kinachosomeka “huyu ni mraibu”, wala kinachotabiri nani atarudia pombe mwezi ujao. Dopamini, ambayo hutajwa sana katika mazungumzo ya uraibu, haionekani kwa MRS kwa sababu kiasi chake ni kidogo mno. Waliopima mambo yake katika ubongo wa mtu hai walitumia njia nyingine zenye kuhitaji dawa za mionzi. Kwa hiyo yeyote atakayemtoza mgonjwa fedha ili “apimwe uraibu” kwa mashine ya sumaku atakuwa anauza kisichokuwapo.

Utambuzi wa uraibu unabaki pale ulipokuwa: katika mazungumzo. Shirika la Afya Duniani lilitayarisha dodoso la maswali 10 liitwalo AUDIT, linalojazwa kwa dakika chache, na toleo lake la Kiswahili limehakikiwa huko Moshi. Kalamu, karatasi na mhudumu asiyekunja uso vinatosha. Ni jambo la kushangaza, lakini ni kweli, kwamba kwa kumtambua mgonjwa karatasi hiyo ina faida kubwa kuliko sumaku yenye bei ya mabilioni ya shilingi.

Je, Kilombero iachwe nje ya utafiti?

Kutokana na hayo mtu anaweza kuhitimisha kwamba utafiti wa MRS ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba Ifakara ishughulikie mbu na iache ubongo. Hitimisho hilo lingekuwa kosa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya kisayansi. Sehemu kubwa ya vipimo vilivyochapishwa imetoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kwa watu ambao kwa kawaida huchujwa ili wasiwe na ugonjwa mwingine. Mnywaji wa Kilombero hachujwi na maisha. Huenda aliugua malaria mara nyingi utotoni, ana upungufu wa damu, au anaishi na VVU. Na VVU vyenyewe vinajulikana kubadilisha NAA na kolini katika ubongo. Mambo hayo yakikutana na pombe katika kichwa kimoja hutokea nini? Ubongo kama huo hupona kwa kasi ileile? Jibu haliwezi kuazimwa kutoka Chicago. Lazima litafutwe kwa watu wenyewe.

Ya pili ni ya kihistoria. Ifakara haijawahi kungoja nchi nyingine ziisemee. Maabara iliyoanzishwa hapo na watafiti wa Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1950 ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Tangu mwaka 1996 taasisi hiyo imekuwa ikifuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa kaya katika vijiji vya bonde. Mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa, KINET, uliofanyika Kilombero na Ulanga, uliongeza kunusurika kwa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4 kwa asilimia 27, kama ilivyochapishwa mwaka 2001, na matokeo hayo yalisikika mbali sana na mto Kilombero. Kliniki ya magonjwa sugu katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko huwafuatilia wagonjwa wa VVU kwa miaka mingi. Uwezo huo wa kumfuata mtu yuleyule mwaka hadi mwaka ni adimu kuliko sumaku. Mashine za MRI zipo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400 kutoka Ifakara. Barabara ipo, na reli ya TAZARA ipo. Utafiti wa wachache waliochaguliwa vizuri, wakapelekwa kupimwa mwanzoni na baada ya miezi kadhaa ya matibabu, hauko nje ya uwezo wa vyuo na taasisi za Tanzania zikishirikiana.

Sharti moja lisiwe la mjadala: asipimwe mtu asiyetibiwa. Watu wa bonde wametoa damu, muda na maelezo yao kwa watafiti kwa zaidi ya nusu karne. Wana haki ya kuuliza kila mradi utawaachia nini. Mradi wa kupima ubongo wa waraibu, katika wilaya ambamo mraibu akifika kituo cha afya huambiwa arudi nyumbani aache pombe, ungekuwa umeanza na deni.

Tanzania inajua kwamba matibabu yanawezekana. Mwezi wa Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni kwa watumiaji wa heroini, na baada yake zikafuata nyingine Dar es Salaam, Zanzibar na mikoani. Huko ilidhihirika kwamba watu walioitwa mateja na kusukumwa pembeni huweza kurudi kazini na kwa watoto wao. Methadoni, hata hivyo, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kijana wa Mlimba hawezi kusafiri kila asubuhi. Pia haiwafai wenye uraibu wa pombe, ambao bondeni ndio walio wengi. Wao wanahitaji huduma iliyo karibu, iliyo ya kawaida, na isiyo na aibu.

Yanayoweza kuanza sasa

Kila mtu mzima anayelazwa aulizwe juu ya pombe siku ya kwanza, kwa sauti ileile anayoulizwa nayo juu ya kikohozi, na jibu liandikwe kwa namba: anakunywa nini, kiasi gani, mara ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Neno “mlevi” lisionekane tena kwenye faili, kwa kuwa halimwambii muuguzi wa zamu ya usiku lolote analohitaji kulijua. Thiamini ya sindano isikosekane pale ambapo dripu ya glukosi haikosekani. Kliniki za VVU, kifua kikuu na kifafa ziingize maswali ya pombe katika mahudhurio yao, maana mgonjwa anayerudi kila mwezi ndiye aliye rahisi kumfuatilia. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe dalili za hatari za kuacha pombe ghafla, ili familia izisikie kabla ya kufunga mlango.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri mashine. Yanasubiri uamuzi wa mganga mfawidhi, mwalimu wa chuo cha uuguzi, na mhudumu mmoja mmoja.

Kwa mgonjwa anayesoma haya, au anayesomewa, neno ni fupi. Ikiwa mikono hutetemeka asubuhi na kutulia baada ya kunywa, asiache ghafla akiwa peke yake. Afike kituo cha afya na aseme wazi. Akisemwa vibaya, arudi siku nyingine amtafute mhudumu mwingine, kwa kuwa matibabu ni haki yake kama ilivyo haki ya mwenye malaria. Ubongo wake umebadilika, hilo ni kweli. Ni kweli vilevile, na limepimwa, kwamba ukipewa wiki na miezi unaanza kurudi.